Anwani ya kuombea kazi iwe ya mwombaji mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu, aliyejitambulisha kuwa afisa rasilimali watu wa kampuni binafsi, aliyeandika kwamba maombi ya kazi yakimfikia kutoka kwenye anwani ya barua pepe ya kihuni huyaweka pembeni hata CV hajaifungua. Akawaasa vijana watumie majina yao halisi, basi, akamaliza. Sina ugomvi na ushauri huo. Ila mimi nina steshenari hapa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu, na kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa kwenye masijala ya ofisi moja ya umma. Yeye maombi yanamfikia yakiwa yameshatumwa. Mimi nayaona yakiandaliwa, mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu na bahasha ya vyeti mapajani. Huku kwetu anwani ya kihuni ndilo tatizo dogo.

Hata hivyo tuanze na hilo la uhuni, maana lipo. Anakuja binti mwenye stashahada ya uuguzi, vyeti vimenyooka, leseni anayo, namuuliza anwani yake anaanza kucheka kabla ya kuitaja. Ni "mtoto mzuri wa Kihonda" na tarakimu mbili mbele. Anakuja kijana wa uhasibu, yake ni "mnyama" na mwaka ambao Simba walichukua ubingwa, wala hajui kama atakayeifungua barua yake ni mtu wa Jangwani, yaani shabiki wa Yanga. Wapo wenye majina ya wachezaji wa Ulaya, wenye "bosi" na "tajiri", wapo akina mama waliojiandika jina la mtoto wa kwanza, na walokole waliojaza anwani nzima kwa baraka.

Ukiwauliza zilitoka wapi, jibu karibu siku zote ni lile lile. Simu janja mpya haikupi programu zake mpaka uwe na akaunti, na siku ya kununua simu mwenye duka alimfungulia papo hapo juu ya kaunta ya kioo, akaandika lolote lililokubalika haraka, kwa sababu nyuma kuna mteja mwingine anasubiri kuwekewa protekta. Au alifungua mwenyewe akiwa kidato cha pili ili aingie Instagram. Hakuna aliyekuwa anaomba kazi siku hiyo. Miaka inapita, anamaliza chuo, tangazo la kazi linataka barua pepe, naye anaandika ile ile iliyomo kwenye simu kwa sababu ndiyo aliyonayo. Kwa hiyo afisa wetu anapohukumu tabia ya mtu kwa anwani yake, mara nyingine anamhukumu muuza simu.

Nakubali kwamba ibadilishwe. Kufungua anwani mpya ni bure na hakuchukui hata robo saa. Lakini "tumia jina lako halisi" ni rahisi kusema. Chukua kijana anayeitwa Juma Hamisi. Gmail ipo tangu 2004, na jina likishatumika halitolewi tena kwa mtu mwingine hata kama mwenyewe alishafuta akaunti. Unadhani Juma Hamisi wa kwanza alijiandikisha lini? Mfumo unamjibu kijana kuwa jina limeshachukuliwa, kisha unampendekezea lile lile likiwa na tarakimu nne mkiani. Naye kwa uchovu anabofya lile la juu kabisa. Baada ya mwezi hakumbuki kama ilikuwa 4827 au 4872. Na akiiacha tarakimu moja kwenye CV, barua ya kuitwa kwenye usaili haipotei hewani tu. Inaweza kumfikia Juma Hamisi mwingine kabisa, aliyeko Tanga au Mombasa, ambaye ataisoma, atashangaa, ataifuta.

Hapa kwangu huwa nawaambia watumie majina matatu. Sisi bahati yetu tuna jina la baba na jina la babu, na nyote mkishika mpangilio wa kwenye cheti hamfanani sana. Juma Hamisi wako wengi mno, lakini Juma Hamisi Mbwana wamepungua, na ukiweka herufi ya kwanza ya jina la kati peke yake mara nyingi inakubali pia. Likigoma kabisa, ongeza fani: muuguzi, fundi umeme, mwalimu. Nimeona watu wanaogopa fani wakidhani itawafunga, lakini mtu mwenye leseni ya uuguzi akiomba kazi ya uuguzi, sijaona hasara. Kwa mtu anayebadilisha kazi mara kwa mara ndipo nashauri aachane nayo.

Mwaka wa kuzaliwa usiuweke. Najua matangazo ya serikali yanataka mwombaji asizidi miaka 45 na cheti cha kuzaliwa kitaambatishwa, hivyo umri utaonekana tu. Lakini si kila mwajiri ana haja ya kuujua umri wako hata jina hajalisoma, na miaka kumi baadaye tarakimu hizo utakuwa bado unatembea nazo.

Kuna vijitabia vya kiufundi ambavyo vijana wa vyuo, pamoja na simu zao, hawavijui. Kwenye Gmail nukta haihesabiki: jina lenye nukta katikati na lisilo na nukta ni kisanduku kimoja. Nilimkuta mmoja ameandika zote mbili kwenye CV, moja ikiwa "ya akiba". Kile kistari cha chini Gmail haikikubali, ila wengine wanacho kwenye anwani zao za Yahoo, na kinaleta taabu kubwa kuliko kinavyoonekana. Ukichapa CV, kompyuta inaigeuza anwani kuwa kiungo cha bluu chenye mstari chini yake, na kistari kinazama humo humo kwenye mstari. Anayesoma karatasi anaona nafasi tupu. Herufi l ndogo na tarakimu moja ni mtu na pacha wake, sifuri na O vivyo hivyo. Mimi kabla sijaprinti huwa naondoa kile kiungo, anwani ibaki nyeusi tupu, kisha namwambia mwenyewe asome herufi moja moja kwa kidole.

Halafu kuna simu. Msomaji mwenzangu hakugusa jambo hili kabisa, nami nadhani ndilo kipimo bora cha anwani kuliko uheshima wake: je, inatajika kwa simu? Siku moja utapigiwa na katibu muhtasi aliye kwenye ofisi yenye kelele, akwambie "hebu nitajie imeili yako nikutumie fomu". Ukisema Hamisi yeye anaandika Khamis. Ukisema Ramadhani, wapo watakaoanza na L. Mohamed ina sura kiasi gani Tanzania hii, sijui nani anaweza kuzihesabu. Kwa hiyo jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, na mwenyewe ajue kulitaja kwa miji kama tulivyokuwa tunafanya masijala: H ya Handeni, A ya Arusha, M ya Morogoro, I ya Iringa, S ya Singida, I ya Iringa tena. Vijana wananicheka nikiwafundisha hivyo. Wacha wacheke, lakini anwani yenye x mbili, z tatu na tarakimu katikati huwezi kuitaja kwa simu hata ukiwa na miji yote ya nchi hii.

Kina mama na neno langu. Umeolewa, mtaani unaitwa kwa jina la mume, na hiyo ni heshima. Kwenye anwani ya kuombea kazi tumia la kwenye vyeti. Matangazo yetu yana ukali kuhusu majina yanayotofautiana, watu wanakimbizana na mawakili kutafuta viapo, sasa kwa nini uanzishe tofauti nyingine ya bure?

Na hata anwani ikiwa safi, kuna jina jingine ambalo wengi hawajui kama wanalo. Ni lile linalotokea kwa mpokeaji kabla hata ya anwani, lililojazwa siku akaunti inafunguliwa. Wiki iliyopita kijana amekuja na anwani nzuri kabisa, majina matatu, hakuna tarakimu. Kwa kawaida yangu nikamwambia ajitumie kwanza barua ya majaribio kwenye anwani ya duka. Ilipoingia, kwenye kioo changu ilisomeka imetoka kwa "Baba Lao", na picha yake ameshika chupa. Alikuwa ameshatuma maombi sehemu kadhaa kwa sura hiyo. Kulirekebisha ni suala la kuingia kwenye mipangilio ya akaunti, lakini ni nani aliyewahi kumwonesha namna barua yake inavyoonekana upande wa pili? Wengine simu ilikuwa ya mama, hivyo barua ya kijana wa miaka ishirini na tano inafika imetoka kwa Mwanaidi. Wengine wana akaunti mbili kwenye simu moja. CV inataja ile ya heshima, lakini simu imetuma kwa ile ya "mnyama", na mwajiri akibonyeza kujibu, jibu linaenda huko huko kwa mnyama.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikae chini niandike. Nilipokuwa masijala, mwombaji kazi alikuwa na S.L.P., na mara nyingi haikuwa yake. Ilikuwa ya shule, ya parokia, ya msikiti, au ya ofisi ya mjomba, imeandikwa "kwa mkono wa" fulani. Barua ilifika posta vizuri kabisa, kisha ikakaa kwenye droo ya mjomba mpaka tarehe ya usaili ikapita. Mwenye ufunguo wa sanduku ndiye aliyekuwa na barua yako. Nikifungua kompyuta ya duka leo naona hali ni ile ile. Vijana wengi wana anwani, ila ufunguo hawana.

Msimu wa maombi ya vyuo na mkopo wa Bodi ya Mikopo ndio unaovuna watu hawa. Kijana wa kidato cha sita anatoka kijijini, Turiani huko au Mvomero, ana kitochi, simu ndogo ya vitufe, anatakiwa awe na barua pepe leo hii. Wenzangu wa steshenari wanamfungulia. Paswedi wanaweka wanayoijua wao, mara nyingi ni moja kwa wateja wote ili kazi iende. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti wanaweka ya duka, kwa kuwa meseji ya uhakiki ikiingia kwenye simu iliyopo kaunta kazi inaisha upesi. Kijana anaondoka na risiti ya malipo na karatasi ya maombi, anafurahi. Miaka mitatu baadaye amemaliza shahada, anataka kuingia kwenye akaunti yake, Google inamwambia imetuma namba ya siri kwenye simu inayoishia na tarakimu fulani. Simu ya nani hiyo? Ya mtu aliyefunga duka akahamia Kahama.

Au namba ilikuwa yake kweli, lakini laini aliiacha. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine, na meseji ya kurejesha akaunti inaenda kwa huyo mwingine. Tena tangu mwishoni mwa 2023 Google imeanza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Ile iliyofunguliwa kwa ajili ya mkopo na haikufunguliwa tena, usishangae ukikuta haipo, na jina lake huwezi kulirudisha.

Wapo wanaosema serikalini haina neno, kwa sababu walioitwa kwenye usaili hutangazwa kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Ni kweli majina yanatangazwa. Lakini kujiandikisha kwenye Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi za serikali mtandaoni, kunapitia barua pepe, kurejesha paswedi uliyoisahau kunapitia humo humo, na tangazo la usaili humtaka msailiwa aingie kwenye akaunti yake anakili namba ya mtihani. Nimekaa na dada mmoja hapa, jina lake limo kwenye orodha, limo kabisa, usaili Dodoma siku chache mbele, na akaunti haifunguki kwa kuwa barua ya kurejesha paswedi inaenda kwenye anwani aliyofunguliwa na mtu asiyemkumbuka sura. Siku hiyo anwani yake ilikuwa na jina zuri la heshima kuliko zote nilizoziona mwezi huo.

Kuna na upande wa pili ambao hatuusemi. Kwenye kompyuta za maduka yetu, kivinjari kinakumbuka paswedi. Mteja anaondoka bila kutoka kwenye akaunti, anayemfuata anafungua Gmail ili atume kazi ya darasa, anakuta kisanduku cha mwenzake kiko wazi: vyeti vya kuanzia kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha za pasipoti. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sidhani kama imewahi kusomwa kwenye steshenari yoyote ya mtaa huu.

Utaratibu wangu ni mdogo tu. Mwenye anwani anakaa yeye kwenye kibodi, mimi nasimama upande. Paswedi anaitunga na kuichapa mwenyewe, mimi natazama barabarani, na nisipotazama barabarani ana haki ya kunikemea. Namba ya simu ni yake, laini iliyosajiliwa kwa kidole chake, si ya shemeji. Kama hana simu janja, nampa kikaratasi aandike anwani na paswedi kwa mkono wake, aende nacho nyumbani akiweke na vyeti. Najua wataalamu wa usalama wa mitandao watapiga kelele kusikia paswedi imeandikwa kwenye karatasi. Waje waone mtu wa kitochi anavyoishi, kisha tuongee. Akimaliza anatoka kwenye akaunti mbele yangu, na kabla hajaondoka namrudisha aingie tena upya, kwa sababu mtu akiweza kuingia mara ya pili peke yake ndipo nina hakika anayo. Namwambia pia aifungue japo mara moja kwa wiki, na asisahau kuchungulia lile folda la barua taka. Mialiko ya usaili imelala humo mara nyingi tu.

Wale wenye anwani za chuo, zile zinazoishia na ac.tz, wasizitegemee kwa kazi. Chuo kinaweza kuzifunga ukishahitimu. Na aliye kazini asitafute kazi nyingine kwa anwani ya mwajiri wake wa sasa. Hilo sihitaji kulieleza zaidi.

Turudi kwa afisa wetu. Ameandika kwa ukali kuhusu anwani za vijana, nami nimekaa nimeyatazama matangazo ya kazi yaliyobandikwa ukutani kwangu. Kampuni kubwa tu, ina jengo na magari, lakini inataka maombi yatumwe kwenye anwani ya bure yenye jina la kampuni, neno la Kiingereza la ajira na tarakimu za mwaka ambao umeshapita. Anwani za namna hiyo hiyo ndizo wanazotumia matapeli wanaowaambia vijana watume hela ya fomu au ya kupimwa afya. Ukisema anwani ya serikali iishie na go.tz, kijana anaelewa. Kwa binafsi nimwambie atofautishe vipi, ikiwa kampuni ya kweli na tapeli wanavaa sare moja?

Na hawajibu. Kijana anatuma maombi, kimya. Hajui kama yamefika, kama kiambatisho kilikuwa kizito kikagoma, au kama alikosea herufi moja ya anwani ya kampuni. Kimya hicho ndicho kinachomfanya asijue kwamba akaunti yake ina kasoro mpaka miezi ipite, kwani aliyeitwa akashindwa kuiona barua na ambaye hakuitwa kabisa wote wanakaa nyumbani vile vile. Kisanduku cha barua pepe cha ofisi kinaweza kuwekewa jibu la moja kwa moja: maombi yako yamepokelewa, usaili utakuwa kipindi fulani, usipopigiwa mpaka tarehe fulani ujue hukuchaguliwa. Mistari miwili, inaandikwa mara moja, inajibu watu wote bila mtu kunyanyua kidole. Namwomba msomaji mwenzangu aliweke kwenye ofisi yake kabla ya tangazo lijalo. Kama hapo ofisini hakuna anayejua kuliweka, nipo Msamvu kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi, na hiyo sitamtoza.

Mama Steshenari,
Msamvu, Morogoro